Bwana Harusi Asiyekaa Ndani

Kwa Bi Wahiba wa Gongo la Mboto, fungate ni siku saba. Si tatu, kama wanavyofanya watu wa siku hizi wenye haraka ya kurudi kazini, wala si usiku mmoja wa hotelini na picha nyingi kwenye simu. Siku saba kamili maharusi wanakaa ndani, wanalishwa wakashiba, wanafukiziwa udi, hawagusi ufagio wala sufuria, na bwana harusi hatoki ila kwenda msikitini. Bi Wahiba ni shangazi wa bibi harusi na ndiye somo yake, aliyemfunda, na sababu zake alishazitoa mbele ya ukoo mzima. Ndoa ya kwanza ya Maisa walikata fungate ikawa ya siku moja, eti yule bwana ana safari, na ndoa yenyewe ikafa mwezi wa nne. Safari hii hapunguziwi mtu hata saa.

Basi huyo ndiye mama aliyemkaribisha Hilal nyumbani kwake, Hilal ambaye kila siku inayopambazuka, iwe Idi, iwe mvua ya masika, ni lazima awe mbele ya dirisha moja la kliniki upande wa Temeke kabla ya saa sita mchana.

Hilal ni fundi makochi, mtu wa miaka thelathini na tisa, mrefu, mwembamba, mwenye mikono iliyojaa alama za misumari. Alizaliwa Mbagala, nyuma ya duka la baba yake, ambaye naye alilirithi kwa baba yake aliyetoka Omani. Alianza kuvuta unga akiwa na miaka ishirini na mbili. Watu wanapenda kusikia kwamba kulikuwa na msiba, au kwamba alidanganywa na mtu mbaya, lakini hapakuwa na lolote la namna hiyo. Kulikuwa na maskani nyuma ya duka, vijana sita wamekaa juu ya matofali tangu alasiri, hawana la kufanya, na msokoto unazunguka. Zamu yake ilipofika aliona haya kuinuka. Hayo tu. Haya ya dakika moja ilimgharimu miaka kumi na moja, na njiani aliiuza mizani ya duka la marehemu baba yake. Kaka zake wakanunua mizani nyingine, akaiuza na hiyo.

Kwa hiyo siku ya posa hakuwa na ndugu wa kumpeleka. Alikwenda na Mzee Mwishehe, mwenye karakana anakofanyia kazi. Bi Wahiba alipouliza kaka za bwana harusi wako wapi, akajibiwa kwamba kuna ugomvi wa mizani. Naye, kwa kuwa ametoka katika watu wa maduka, akadhani ni mambo ya mirathi, akanyamaza kwa heshima.

Maisa yeye alijua yote. Walikutana pale karakana, alipoleta kochi alilotoka nalo kwenye ndoa ya kwanza, akasema anataka libadilishwe mpaka asilitambue. Hilal akamuuliza kama abadilishe kitambaa tu au na kumbukumbu zilizomo kwenye sponji. Maisa alicheka akakaa juu ya kochi lile lile alilokuwa halitaki. Mara ya tatu alipokuja kuulizia kazi yake, Hilal akaona bora aseme kabla moyo haujaenda mbali.

"Mie nilikuwaga teja," akamwambia. "Sasa hivi nina mwaka wa nne nakunywa methadoni, dawa ya kuachia unga. Kila asubuhi nakwenda Temeke, nainywa mbele ya sista, ndio nakuja kazini."

"Kila asubuhi?" Maisa akauliza. "Hata Idi?"

"Hata Idi."

Maisa akafikiri kidogo. "Mume wangu wa kwanza hata kazini alikuwa haendi kila siku," akasema, na Hilal akajua kwamba ataoa.

Shangazi ndiye aliyebaki gizani. Walikubaliana kumwambia baada ya harusi, halafu baada ya fungate, halafu ikawa siku yoyote isiyo ya leo. Kosa lao lilikuwa hilo. Watu wawili wazima walipanga ukumbi, pilau, udi, na gari la kubebea vyombo, wasikae hata dakika tano wakajiuliza bwana harusi atatokaje ndani kwa siku saba. Walikuwa wamelewa furaha, na aliyelewa furaha hahesabu siku.

Na furaha ndiyo hasa iliyokuwa ikimtisha Hilal. Wengi hudhani teja hurudi kwenye unga kwa sababu ya huzuni. Mara ya kwanza alipoacha, alikaa miezi mitano akiwa safi, akarudi siku mdogo wake alipojifungua mapacha. Alifurahi mno akatafuta watu wa kufurahi nao, na watu aliowajua walikuwa wale wa maskani. Siku hiyo alimwambia mama yake anakwenda kununua soda. Mama alifariki baadaye kidogo, na ile soda hakuiona. Ndiyo maana Hilal anaogopa siku njema kuliko siku mbaya, na sasa alikuwa ndani ya siku njema kuliko zote alizowahi kupewa, anaamka pembeni ya Maisa, analishwa kuku wa nazi kwa mkono wa watu, anacheka bila sababu. Akikosa dozi leo, kesho mifupa itaanza kuuma, na kesho kutwa miguu itakumbuka njia ya Mbagala yenyewe.

Siku ya kwanza alitumia msikiti. Akaenda kuswali alfajiri, akaunganisha na Temeke, akarudi saa tatu na jasho shingoni. Bi Wahiba alikuwa mlangoni na birika la maziwa.

"Alfajiri gani hiyo inayoswaliwa mpaka saa tatu?" akauliza. Hilal akasema kulikuwa na mawaidha. Bi Wahiba akamsifu shehe kwa kuwa na pumzi, na maziwa akammiminia nusu kikombe.

Siku ya pili alitumia jino. Akashika shavu tangu anaamka, akaomba ruhusa ya kumwona daktari. Bi Wahiba akamletea karafuu, akamwonyesha aitafune upande unaouma. Hilal akatafuna, akashukuru, akatoka. Maisa alibaki chumbani akiuma mto ili asisikike anavyocheka.

Siku ya tatu mambo yalikuwa mazito. Wageni wanawake walikuwa wamefika kutoka Tanga kumwangalia bibi harusi, ua umejaa, na Bi Wahiba ametangaza kwamba leo bwana harusi hatoki hata kama kinywa chote kinang'oka. Mkeka wake ulitandikwa kwenye ujia, mbele kabisa ya mlango wa maharusi. Saa mbili ikakaribia. Hilal alizunguka chumbani akitembea kutoka kitandani mpaka kabatini, na Maisa akafungua kabati, akatoa baibui lake refu na ile ninja ya kufunika uso.

"Tumsimulie tu shangazi," Hilal akasema.

"Mbele ya wageni wa Tanga?" Maisa akamjibu. "Vaa."

Baibui lilimfika katikati ya muundi. Maisa akamfunga ninja, huku kicheko kimembana, hata kitambaa kikakaa upande na jicho la kushoto likabaki gizani. Akamfundisha asinyooshe hatua na asitoe mikono nje. Viatu vya kike vya kumwenea havikuwepo katika nyumba nzima, kwa hiyo alibaki na makubazi yake ya ngozi. Kisha Maisa akachungulia nje, akarudi na macho makubwa. Mkeka ulikuwa mtupu. Shangazi hakuwepo.

Hilal alivuka ujia. Akavuka ua katikati ya wanawake wa Tanga waliokuwa wakichambua mchele, na mmoja akamuuliza mwenzake wanawake wa Dar wanakula nini mpaka wanarefuka hivi. Hilal akainamisha kichwa kwa adabu. Akapita mlango wa uani, akapita duka la kona, na moyoni alikuwa anacheka kama mtoto aliyekimbia chuo cha Kurani. Bajaji ya Edgar ilikuwa palepale inapomngojea kila siku.

Edgar ni mtu wa Njombe, zamani dereva wa malori. Alianza na dawa za kumfanya asilale barabarani, akamalizia na unga wa kumlaza akifika. Yeye na Hilal walikutana kwenye foleni ya dirisha, na siku ya harusi ndiye aliyekuwa mpambe. Asubuhi hii alikuwa amekaa ameshika usukani kwa mikono miwili, anatazama mbele, uso umemkauka. Mtu mwenye macho mawili angeliona hilo. Hilal alikuwa na moja.

Akajitupa kiti cha nyuma. "Twende, braza," akasema kwa sauti yake nzito ya kila siku. "Yule bibi leo nimempiga chenga ya mwili."

Edgar hakuondoka. Wala hakucheka. Harufu ya udi ikampata Hilal kutoka upande wa kushoto, upande wa jicho lililofunikwa.

"Umempiga chenga nani, bwana harusi?" Bi Wahiba akauliza.

Hilal akasogeza ile ninja taratibu. Shangazi alikuwa amekaa ameshika mkoba wake magotini, kanga mbili juu ya baibui, ametulia tuli. Alikuwa amemwona jana akipanda bajaji hii, kwa hiyo leo ameiwahi. Amemwambia dereva ampeleke anakompeleka bwana harusi, na dereva, ambaye kwao amelelewa asiseme uongo mbele ya mtu mzima, amemwamkia shikamoo na kuishiwa maneno.

"Shikamoo, shangazi," Hilal akasema ndani ya baibui.

Bi Wahiba hakuitikia. Alimwambia Edgar waondoke, na wakishaingia barabara ya Pugu ndipo akasema tena, bila kumtazama Hilal. "Kama ni mwanamke, nataka kumwona. Kama una mtoto naye, nataka kumwona na mtoto. Nimuone kwa macho yangu, ndio nikamwambie Maisa aanze kukunja nguo."

Hilal alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Mwanamke! Laiti angekuwa mwanamke, mambo yangekuwa mepesi. Wakapita uwanja wa ndege, upepo unaingia kwenye baibui na kulijaza, na kila bodaboda iliyowapita ilipunguza mwendo kumwangalia dada mwenye ndevu. Bi Wahiba aliangalia mbele kama mtu anayekwenda benki.

Mbele kidogo Edgar akaanza kupunguza mwendo. Kulikuwa na jengo la ghorofa moja, na juu yake bango la jino kubwa jeupe linalotabasamu. Edgar akamtazama Hilal kwenye kioo, na macho yake yalikuwa yanaomba.

"Braza, kwa daktari wa meno si ndio hapa?" akauliza. "Au niendelee?"

Mlango wa kutorokea ulikuwa umefunguliwa. Kushuka tu, kushika shavu, kung'olewa jino zima ikibidi, na shangazi angerudi nyumbani ametulia. Dirisha la Temeke lingefungwa saa sita bila yeye. Kukosa siku moja hakuui mtu. Hilal aliyajua maneno hayo, sauti yao aliijua kabisa, ndiyo iliyomwambia kwamba anakwenda kununua soda. Aliogopa. Aliogopa kumkosa Maisa, aliogopa mwanamke huyu aliyemlisha kuku kwa mkono wake, na aliiona haya ile ile ya kwenye matofali imemshika begani, inamwambia akae kimya kama wenzake.

"Hapana," akasema. "Endelea moja kwa moja."

Bi Wahiba akageuza kichwa kwa mara ya kwanza.

Foleni ya kliniki ilikuwa ndefu, wanaume na wanawake, mmoja na mtoto mgongoni, wawili na sare za ulinzi. Hilal aliposhuka na baibui limempanda magotini na makubazi yake miguuni, foleni nzima iligeuka. Mama mmoja akapiga kigelegele. "Bwana harusi huyo," wakasema, na watu wakacheka mpaka wengine wakashika ukuta. Walimsukuma mbele, kwa kuwa bwana harusi hapangi foleni. Bi Wahiba akamfuata hatua kwa hatua, mkoba kifuani.

Nyuma ya dirisha alikuwa Sista Lusungu, ambaye katika miaka minne Hilal hajawahi kumwona anacheka kazini. Alimtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye makubazi. Akageuka pembeni kidogo, mabega yakamtikisika, akarudi na uso wa kazi. Akamtaka ataje jina lake na namba, akampa kikombe. Hilal akanywa. Akapewa maji, akanywa. Kisha akaambiwa aseme neno, kama anavyoambiwa kila mtu, ili ijulikane dawa imeteremka na haikubaki mdomoni.

"Asante, sista."

Bi Wahiba akasogea dirishani, akauliza mwanawe amenyweshwa nini. Sista Lusungu hakujibu. Alimtazama Hilal, kwa kuwa siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa mwenyewe.

"Ni methadoni, shangazi," Hilal akasema. "Nilivuta unga miaka kumi na moja. Hii ndiyo inayoniweka sawa, nainywa kila siku. Ile mizani niliiuza mie. Zote mbili."

Foleni nzima ilisikia. Kila mmoja pale alikuwa na mtu wake ambaye aliwahi kumwambia maneno hayo, au ambaye hajamwambia bado.

"Maisa anajua?"

"Alijua kabla ya posa."

Bi Wahiba akakaa kwenye benchi. Edgar alikuja akasimama pembeni ya Hilal, na kwa mara ya kwanza tangu aamke Hilal hakuwa na kicheko hata kidogo, anamwangalia shangazi anavyovifungua na kuvifunga vifungo vya mkoba.

"Ungeniambia wakati wa posa ningekukataa," akasema hatimaye. "Wallahi ningekukataa."

"Ndiyo maana sikusema."

"Nyamaza, sijamaliza. Siku tatu mmeniweka mlangoni kama mlinzi wa benki. Ile karafuu nilikupa, upande wa kushoto ulishika shavu, upande wa kulia ukatafuna. Unadhani sikuona? Pale kwenye bango la jino nilijua fika huna jino. Nilikuwa nangoja nione utashuka." Akavuta kanga yake begani. "Hukushuka."

Kisha akainuka, akarudi dirishani, na sauti yake ikawa ile ya nyumbani, ya kuulizia bei ya mchele. Akataka kujua kwa nini mtu mzima, mwenye kazi na mke, hapewi dawa akaenda nayo nyumbani. Hilal akaitika kwa kichwa, kumruhusu sista aseme. Sista Lusungu akafungua faili. Akaeleza kwamba mgonjwa huyu vipimo vyake ni safi, na tangu mwaka jana angeweza kuchukua dozi za siku kadhaa, ila utaratibu wao unataka ndugu aje mwenyewe, aweke sahihi, na atunze sanduku na ufunguo. Akageuza faili ili Bi Wahiba aone. Mahali pa jina la ndugu palikuwa peupe. Wamewapigia kaka zake mara mbili, hawakuja.

Bi Wahiba akapatazama pale peupe.

"Kalamu iko wapi?" akauliza.

Aliandika pole pole, kwa herufi kubwa kama za mtoto wa chuo, akisema kila herufi kwa sauti ya chini. Alipofika kwenye uhusiano, sista akamuuliza aandike nini, shangazi wa mke? Bi Wahiba akasema aandike shangazi, basi, hakuna haja ya kurefusha. Akapewa sanduku dogo lenye chupa sita. Ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga, mafundo mawili. Akamtaka sista amwonyeshe hatua kwa hatua jinsi ya kumnywesha, akamrudisha nyuma alipokwenda haraka, na foleni ikasubiri bila mtu kunung'unika.

Bajaji ikalipita tena lile bango la jino.

"Fungate imevunjwa siku tatu mfululizo," akasema. "Kwangu haihesabiki. Inaanza upya leo, siku saba kamili, na kesho nikikuona hata kwenye ua nitakufungia." Akakaza fundo la ufunguo. "Na hilo baibui ulifue."

Edgar alicheka mpaka ikabidi asimamishe bajaji pembeni ya barabara.

Kesho yake saa mbili kamili mlango wa maharusi ukagongwa. Bi Wahiba aliingia na kikombe, na glasi ya maji, na sura ya Sista Lusungu. Maisa akajifunika shuka mpaka puani, macho yanacheka. Hilal akataja jina lake na namba yake, kwa kuwa shangazi alitaka kila kitu kifuatwe. Akanywa dawa. Akanywa maji.

"Sema neno," Bi Wahiba akaamuru.

Hilal akafungua mdomo, na neno halikutoka. Alikuwa amekaa kwenye kitanda cha harusi, miguu peku, watu wawili wanamtazama wanataka kusikia sauti yake, na furaha ilimjaa mpaka kooni. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake furaha ilimkuta na watu wa kufurahi nao, na hakuhitaji kwenda kuwatafuta mahali. Machozi yakamtoka.

"Umeiweka chini ya ulimi?" Bi Wahiba akauliza kwa ukali, akasogea kumchungulia mdomoni.

Hilal akatikisa kichwa. Akameza tena, akajaribu tena.

"Shikamoo, shangazi."

Bi Wahiba akamwangalia, akaridhika kwamba imeteremka.

"Marahaba, mwanangu," akasema, akafunga sanduku, akaenda kugeuza chapati.